Asali au sukari kwenye kidonda sugu?

Zote mbili hufyonza maji kutoka kwa bakteria hadi wakashindwa kuzaana. Hapo ni sare. Tofauti huja kidonda kinapotoa majimaji mengi.

Sukari ikishazimuliwa hugeuka chakula. Bakteria aina ya Staphylococcus wakipata glukosi hujenga utando mzito zaidi wa kujikinga, na ndani yake antibiotiki hufanya kazi kwa shida, maana wapo bakteria waliolala tu humo wakingoja dozi ipite. Ndiyo maana bandeji ya sukari hubadilishwa mara kwa mara. Asali hata ikizimuliwa bado inapigana: kimeng'enya cha nyuki huzalisha haidrojeni peroksaidi, na uchachu wa asali huwabana bakteria.

Kwa bei, sukari haina mpinzani. Muuguzi Moses Murandu aliijua kama dawa ya vidonda tangu utotoni Zimbabwe, akaja kuitafiti Uingereza. Asali ya barabarani, nani anajua imechanganywa na nini! Tena asali mbichi huweza kubeba spora (mbegu za bakteria) za botulizimu, ugonjwa wa sumu unaopoozesha misuli; ya kitabibu husafishwa kwa miale ya gama.

Ukiwa na muuguzi wa kukufunga kila siku, sukari inaweza kutosha. Bandeji ikikaa siku mbili, ningechagua asali ya kitabibu. Kidonda chenye kina kirefu, au homa? Zahanati kwanza.