Kasha la Mapambano ya Larry Holmes: Diski Sita Zilizonibadilishia Orodha

Wapenzi wa ndondi wakianza kubishana kuhusu mabondia bora wa uzito wa juu wa nyakati zote, jina la Larry Holmes huchelewa kutajwa. Hutangulia Muhammad Ali na Joe Louis, wakafuata George Foreman, Rocky Marciano na Mike Tyson, kisha mmoja hukumbuka kwamba kuna mtu mwingine aliyeshika ubingwa kwa zaidi ya miaka saba. Mimi mwenyewe kwa muda mrefu nilimweka nafasi ya tisa, na nikiulizwa kwa nini sikuwa na jibu la maana, kwa kuwa nilikuwa nimemwona vipandevipande tu: akimwadhibu Ali aliyekwisha mwaka 1980, na akianguka mbele ya Tyson mwaka 1988. Kasha hili la diski sita, lenye mapambano yake 14 bila kukatwa, nililinunua ili nipate haki ya kubishana. Nimelitazama lote, mapambano mengine mara mbili, na nafasi ya tisa nimeifuta.

Nianze na kasha lenyewe. Mapambano yanaanzia pambano la kwanza dhidi ya Earnie Shavers, Machi 1978, hadi lile la Evander Holyfield, Juni 1992. Picha zimetoka kwenye kanda za televisheni za wakati ule, kwa hiyo asitarajie mtu ung'avu wa matangazo ya leo. Rangi zimefifia, na katika pambano la Mike Weaver kivuli cha kamba za ulingo huonekana mara mbili. Hilo halikunisumbua. Kinachonifanya nilisifu kasha hili ni kwamba hata ile dakika ya mapumziko kati ya raundi na raundi imeachwa, na mtu anamwona bondia ameketi kwenye kigoda, anavyopumua, anavyomsikiliza au kutomsikiliza mwalimu wake. Mikusanyiko mingi hukata dakika hizo ili kuokoa nafasi, na pamoja nazo hukata nusu ya pambano.

Kasoro ndogo zipo. Diski hazikupangwa kwa mfuatano wa miaka, jambo linalomfanya mtazamaji amwone Holmes akizeeka na kurudi ujanani bila sababu. Diski ya nne niliyopewa ilikuwa ikikwama katikati ya pambano la Gerry Cooney, na muuzaji alichukua wiki tatu kunibadilishia, huku akiniuliza kila mara kama nimejaribu kuifuta vumbi. Kijitabu kilichomo nacho kimeandikwa kwa hasira ya wakili, kana kwamba Holmes ameshtakiwa, na kila aliyempa ushindani anaelezwa kuwa alibahatika tu. Nilisoma kurasa mbili nikakiweka kando.

Sasa nije kwenye ngumi. Jambo la kwanza ambalo vipande vya dakika mbili haviwezi kulionyesha ni jabu la Holmes, yaani lile konde la mkono wa kushoto linalotangulia mengine. Wengi husema ndilo jabu bora kuliko yote katika uzito wa juu, nami nilikuwa nikilirudia neno hilo kama kasuku. Ukitazama raundi nzimanzima ndipo unaona kwamba halikuwa konde moja. Kulikuwa na la kupimia umbali, ambalo halikumwumiza mtu; kulikuwa na la kusukuma, lililomharibia mpinzani miguu yake kila alipotaka kuingia; na kulikuwa na lile la tatu, alilolikunja ngumi mwishoni kabisa, lililochana uso na kufumba jicho. Yote matatu yalitoka mahali pamoja, mkono ukiwa chini karibu na kiuno, na mpinzani hakujua lipi linakuja mpaka limefika. Alijifunza kazi hiyo akiwa mpinzani wa mazoezini wa Ali na wa Joe Frazier, akilipwa kupigwa, na hakuna shule iliyo ghali kuliko hiyo.

Diski ya pili ina pambano la Ken Norton la tarehe 9 Juni 1978, na kama kasha lote lingekuwa na pambano hili peke yake bado ningelipendekeza. Norton alikuwa ndiye bingwa wa WBC, mojawapo ya mashirika yanayotoa mikanda ya ubingwa wa ndondi, mtu aliyekwisha kumvunja taya Ali mwaka 1973. Holmes aliingia ulingoni akiwa ameumia msuli wa mkono wa kushoto mazoezini, mkono uleule wa jabu. Alizichukua raundi za mwanzo kwa kasi, Norton akamrudia katikati, na kufikia raundi ya 15 majaji wote watatu walikuwa wamewaweka sawa. Raundi hiyo ya mwisho nimeitazama mara nne. Wawili hawa wamechoka kiasi kwamba kila konde linavuta mwili mzima nyuma yake, lakini hakuna anayekumbatia ili apumzike. Norton anaanza vizuri, Holmes anajibu, Norton anarudi tena, na katika sekunde za mwisho mkono wa kulia wa Holmes ndio unaomyumbisha bingwa. Majaji wawili walimpa Holmes pointi 143 kwa 142, wa tatu akampa Norton kwa hesabu hiyohiyo. Anayedai kwamba Holmes alikuwa fundi asiye na moyo na aitazame raundi hiyo kwanza, kisha tuendelee.

Tena kuna Shavers wa pili, Septemba 1979. Shavers alikuwa na mkono wa kulia ambao mabondia waliokutana nao waliuzungumzia kwa heshima ya woga, na Ali naye alikuwa miongoni mwao. Katika raundi ya 7 mkono huo ulimfikia Holmes, akaanguka kama gunia lililokatwa kamba. Hapo niliisimamisha picha. Mtu aliyelala vile kwa kawaida hubebwa. Holmes aliinuka kabla hesabu haijaisha, miguu ikimkataa, akaimaliza raundi, na katika raundi ya 11 mwamuzi akalisimamisha pambano kwa sababu Shavers ndiye aliyekuwa hawezi kuendelea. Renaldo Snipes naye alimwangusha mwaka 1981, pia katika raundi ya 7, naye pia akasimamishwa raundi ya 11. Kuinuka kwa namna hiyo mara moja tungeweza kusema ni bahati.

Pambano la Ali halinisaidii katika kupanga orodha, na sikulitazama mara ya pili. Ali alikuwa na miaka 38, mwili umekwisha, na Holmes anaonekana akimtazama mwamuzi kama anayemwomba aingilie. Angelo Dundee, mwalimu wa Ali, alilisimamisha baada ya raundi ya 10. Wanaompa Holmes sifa kwa ushindi huo wanakosea, na wanaomlaumu wanakosea zaidi.

Cooney wa Juni 1982 ni habari nyingine. Pambano lile lilitangazwa kwa kuchochea ubaguzi wa rangi kwa namna ya aibu, na bingwa ndiye aliyeingia ulingoni kana kwamba ni mgeni. Alimwangusha Cooney raundi ya 2, kisha akakuta kijana yule hakati tamaa. Kasha hili linanifundisha jambo ambalo matokeo ya mwisho hulificha: Cooney alikatwa pointi tatu kwa kupiga chini ya mkanda, na bila makato hayo majaji wawili wangekuwa wamemweka mbele baada ya raundi ya 12. Katika raundi ya 13 Holmes alimpiga mpaka mwalimu wa Cooney, Victor Valle, akapanda ulingoni mwenyewe. Ushindi ulikuwa safi, lakini kwenye kadi za majaji haukuwa mwepesi kama tunavyousimulia.

Hapa ndipo nina ugomvi na waandaaji. Pambano la Tim Witherspoon la Mei 1983 halimo. La Carl Williams la Mei 1985 halimo. La marudiano na Michael Spinks, aliyekuwa amemshinda mwaka uliotangulia, la Aprili 1986 nalo halimo. Lakini pambano la Randall Cobb, ambalo ni kumtazama mtu akipigwa raundi 15 bila tumaini, limo lote. Ukiyaweka pamoja matatu yaliyoachwa unaona sababu: Witherspoon alikuwa na mapambano 15 tu, akampeleka Holmes mpaka majaji wakagawanyika, Williams naye alishindwa kwa pointi baada ya raundi 15 ambazo wengi waliziona ni za kubishaniwa, na katika marudiano na Spinks majaji waligawanyika dhidi ya Holmes, watazamaji wengi wakiamini aliibiwa. Mawili ya kwanza yanamshusha, la tatu linampandisha. Mtengenezaji aliyetaka kumtetea bondia wake amemnyima ushahidi wake mwenyewe ili tu asionyeshe ule wa upande wa pili. Kasha linalouzwa kama kumbukumbu kamili halina ruhusa ya kufanya hivyo, na kwa hilo nalipunguzia nyota moja kati ya tano.

Basi Holmes yuko wapi? Hoja dhidi yake ni nzito, na sitaki kuzikwepa. Hakuwahi kukutana ulingoni na bingwa mwenzake wa WBA, shirika jingine la mikanda, ili kuunganisha mikanda. Mwishoni mwa mwaka 1983 aliuachia mkanda wa WBC badala ya kupigana na Greg Page kwa malipo yaliyokuwepo, akachukua ule wa IBF uliokuwa bado mchanga. Kati ya mara 20 alizotetea ubingwa, kadhaa zilikuwa dhidi ya watu ambao leo hata shabiki mzuri hawezi kuwataja. Ali aliwapiga Sonny Liston, Frazier na Foreman; Holmes hana ushindi wa uzito huo isipokuwa dhidi ya Norton. Kwa hiyo Ali na Louis, mwenye mara 25 za kutetea ubingwa, wabaki walipo, nami namwacha Foreman wa tatu kwa sababu mtu aliyemwangusha Frazier mara sita mwaka 1973 na kurudi kutwaa ubingwa mwaka 1994 akiwa na miaka 45 hana mfano.

Lakini nafasi ya nne ni ya Holmes. Anayemweka Tyson juu yake kwa sababu ya Januari 1988 anamhukumu mtu wa miaka 38 aliyekaa karibu miaka miwili bila kupigana, na hata hivyo, katika mapambano 75, hiyo ndiyo mara pekee aliyopigwa kwa KO, yaani kushindwa kabla ya raundi kwisha. Marciano hakushindwa katika mapambano 49, na Holmes alikosa pambano moja tu kumfikia alipopoteza kwa Spinks Septemba 1985. Ila mimi nikiwaweka ulingoni wawili hao katika ubora wao, sioni jinsi mwenye mikono mifupi kama ya Marciano angelipita lile jabu. Kuhusu Lennox Lewis, bingwa wa miaka ya baadaye, ninasitasita, na huenda kasha lake likanibadilishia tena orodha.

Diski ya sita niliidhania ya kujaza nafasi. Ina pambano la Ray Mercer, Februari 1992, Mercer akiwa hajawahi kushindwa na akiwa na dhahabu ya Olimpiki ya 1988, Holmes akiwa na miaka 42 na tumbo lililojitokeza juu ya bukta. Miguu imekwisha, kwa hiyo anajibanza kwenye kona kwa hiari yake, anamwacha kijana aje, anayakwepa makonde kwa mabega tu na kurudisha mkono wa kulia, raundi baada ya raundi, mpaka majaji wote watatu wakampa ushindi. Atakayelinunua kasha hili aanze na Norton kwenye diski ya pili, aruke Cobb, kisha aje moja kwa moja kwenye kona ile, akiutazama mkono wa kushoto, ambao baada ya miaka 14 bado unatokea chini karibu na kiuno.