Kipima oksijeni au kuhesabu pumzi mtoto anapougua kifua
Kipima oksijeni cha kidoleni hupitisha mwanga kwenye kidole na kuonyesha kwa asilimia kiasi cha oksijeni kilichomo katika damu, ilhali kuhesabu pumzi kunahitaji saa yenye sekunde na mtoto aliyetulia, fulana yake ikiwa imepandishwa ili kifua na tumbo vionekane kwa dakika 1 nzima.

Kwa mtoto mdogo, mimi ningeanza na saa. Vipima vingi vya madukani vimetengenezwa kwa kidole cha mtu mzima, hivyo hulegea kwenye kidole chembamba, na mtoto akirusharusha mkono, vidole vikiwa baridi, au kucha zikiwa na rangi au hina, namba huyumba. Tena, kwenye ngozi nyeusi kifaa kinaweza kuonyesha oksijeni nyingi kuliko iliyopo, jambo linalotuhusu sana sisi.

Pumzi za haraka, yaani 50 au zaidi kwa dakika kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, na 40 au zaidi kwa wa mwaka 1 hadi 5, huweza kuashiria nimonia hata oksijeni ikiwa bado haijashuka.

Hata hivyo, kifaa hugundua upungufu ambao macho huukosa, na namba iliyotulia chini ya 90 ni dharura. Lakini 97 isimcheleweshe nyumbani mtoto ambaye kifua kinabonyea ndani anapovuta pumzi, anayeshindwa kunyonya au aliyelegea. Huyo apelekwe hospitali mara moja.