Walipunguza kasi ya feni, kisha wakataka kuniuzia tanuru jipya

Tunaishi kando ya Minneapolis, katika jimbo la Minnesota, ambako tanuru la gesi, yaani mtambo unaopasha hewa joto na kuisambaza vyumbani kwa feni, likizimika usiku wa Januari shida haimaliziki kwa kuongeza blanketi, kwa kuwa hata mabomba ya maji yanaweza kuganda na kupasuka kabla hakujapambazuka. Nalieleza hili mapema ili msomaji aliyeko Tanga au Mombasa asidhani kwamba nimekasirikia jambo dogo.

Majira ya baridi yaliyopita niliita kampuni moja ya hapa kwa sababu ya kelele. Kila feni ya tanuru ilipoanza kuzunguka, hewa ilitoka kwa mvumo katika chumba cha watoto hadi wakaamka. Alikuja fundi kijana, akafungua mlango wa chini wa tanuru, akahamisha waya mmoja kwenye bodi ya umeme, akafunga na kwenda zake. Kelele ikaisha kabisa, na siku hiyo ningewapa nyota zote tano bila kusita.

Mota ya feni ya aina tuliyo nayo hutoa nyaya za rangi mbalimbali, kila rangi na kasi yake. Mara nyingi waya mweusi ndio wa kasi kubwa na mwekundu ndio wa kasi ndogo, ingawa watengenezaji hawafanani, na ndiyo maana mchoro hubandikwa ndani ya mlango. Kijana yule aliweka ule mwekundu mahali pa kasi inayotumika tanuru linapopasha joto. Kuuhamisha si kosa, lakini moto wa gesi katika tanuru kama letu haupungui kwa sababu feni imepungua: joto linalotolewa ni lile lile, na hewa ya kulibeba ikiwa kidogo, hewa hiyo hutoka ikiwa na moto kupita kiasi. Kwa hiyo anayegusa kasi ya feni hana budi kupima joto la hewa inayoingia na la ile inayotoka, kisha alinganishe tofauti yake na kiwango kilichoandikwa kwenye kibati cha kiwandani. Kipimo hicho huhitaji vipimajoto viwili na dakika chache za subira. Yeye hakupima chochote.

Baridi kali ilipofika, tanuru lilianza kuwaka kwa dakika chache, moto ukakatika, feni ikaendelea kuzunguka peke yake, moto ukarudi, ukakatika tena. Nyumba haikupata joto, na mama mkwe wangu, aliyekuwa ametoka Mwanza kuja kuwaona wajukuu, alishinda na koti sebuleni. Niliwapigia simu, wakamtuma kijana yule yule. Hata hakuinama kutazama. Alisimama, akasikiliza moto ukikatika, akatangaza kwamba kasha la chuma linalotenganisha moshi wa gesi na hewa tunayovuta limepasuka, na kwamba dawa ni kununua tanuru jipya. Nilimwomba kwa adabu apime kwanza tofauti ya joto, kwa kuwa tatizo lilianza baada ya yeye kuhamisha waya. Akaniuliza kama mimi ni mhandisi, akamgeukia mume wangu na kumkabidhi yeye karatasi ya bei, kana kwamba sikuwa nimesimama pale.

Hapo ndipo damu iliponichemka, na bado inachemka ninapoandika. Kasha likipasuka kweli, familia inaweza kuvuta kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu inayoua watu usingizini. Fundi anayeamini kwamba limepasuka hulizima tanuru na kufunga gesi kabla ya kutaja bei yoyote. Huyu aliliacha likiwaka, watoto wakiwa ndani, akaondoka. Kwa hiyo ama aliamini alichosema na akatuacha kwenye hatari, ama hakuamini, na alitumia hofu kutafuta mauzo. Sijapata maelezo ya tatu.

Nilipolalamika, kampuni ilimtuma fundi mzee, na hapa lazima niwe mkweli: sijawahi kuhudumiwa vizuri hivyo katika nchi hii. Alimsalimia mama mkwe wangu kwanza, akaniomba nisimame karibu nione. Alikagua filta, akaiona ni safi. Akatoboa tundu dogo kwenye bomba la hewa inayotoka na jingine kwenye ile inayorudi, akachomeka vipimajoto. Tofauti ilipita nyuzi 75 za Farenhaiti, ilhali kibati kinaruhusu kuanzia 40 hadi 70 tu. Swichi ya usalama ilikuwa ikikata moto kwa sababu ya joto kupita kiasi, yaani ilikuwa ikifanya kazi yake. Alikata umeme, akaweka waya wa kasi ya kati, akaufunika vizuri ule mwekundu usiguse chuma, akapima upya: nyuzi zisizofika 60. Alichunguza kasha kwa kamera ndogo na hakuona ufa wowote, akaeleza kwamba kama tungeendelea vile, kupata moto na kupoa mfululizo ndiko kungelipasua. Kuhusu kelele alifungua matundu mawili ya hewa ya vyumbani yaliyokuwa yamezibwa na rafu ya vitabu, na mvumo ukapungua sana hata kwa kasi hiyo mpya.

Baada ya kazi ile nilikuwa tayari kusamehe yote na kuipa kampuni nyota nne kwa ajili yake. Kisha ankara ikaja. Wamenitoza ziara zote mbili za marekebisho, ikiwemo ile ya kijana aliyekuja kuniuliza kama mimi ni mhandisi, na mhudumu wa simu aliniambia kwamba ziara ni ziara. Nimekataa kulipa ya kijana, na nimelipa ya mzee yote bila kuomba punguzo. Nimeweka nyota moja, na haitaongezeka hadi waifute ankara ile na kumfundisha kijana wao kutumia kipimajoto.