Uzoefu wangu na wakili wa madai ya bima Mwanjelwa, Mbeya: indiketa mbovu haikunifutia fidia

Jioni ile nilikuwa natoka Uyole, nikakata kulia bila indiketa, kwa kuwa ya upande huo ilikuwa imekufa tangu wiki iliyopita, na Noah iliyokuwa ikinipita kwa kasi ikanigonga na kunivunja mfupa wa muundi. Kampuni ya bima ya gari hilo ilinijibu kwa barua ya mistari minne kwamba kosa lote ni langu, na hapo ndipo nilipomweka wakili, mama mmoja mtu mzima ambaye ofisi yake iko juu ya duka la vitenge.

Nilipoanza kumsimulia nikairuka habari ya indiketa, akaweka kalamu chini. "Mwanangu, ukaguzi wa polisi umeshaiandika. Tuiseme sisi kwanza." Kisha akanieleza kwamba Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inamlazimu kila mwenye gari kuwa na bima kwa ajili ya watu wengine, na kwamba kwa sheria zetu mwenye sehemu ya kosa hapotezi haki yake yote, bali fidia hupunguzwa kwa kadiri ya kosa lake. Aliongeza kuwa dai la namna hii lina miaka 3 tu kabla mlango wa mahakama haujafungwa.

Aliambatanisha PF3 (fomu ya polisi ya matibabu ya majeruhi), ripoti ya trafiki, picha za eksirei na hesabu ya miezi minne niliyokaa bila kazi, jumla shilingi 8,000,000. Mvutano ulikuwa kwenye asilimia: wao walitaka nibebe 70, yeye akawaonyesha kwenye mchoro wa polisi kwamba Noah ilikuwa ikinipita karibu na kivuko cha watembea kwa miguu. Tulikubaliana 40, nikalipwa 4,800,000 baada ya miezi minane bila kufika mahakamani, na ada yake ilikuwa 700,000 tuliyoiandikiana tangu siku ya kwanza.

Lawama yangu ni moja, nayo si ndogo. Hakuniambia mapema nidai risiti za bajaji za kwenda kliniki. Alipozitaka, mwezi wa tatu, nilikuwa na mbili tu, zimekunjamana mfukoni mwa koti, moja ikiwa haisomeki. Safari nyingine zote, kwa magongo, hazikuingia kwenye hesabu.

Nampa nyota nne.