Fallingwater ya LEGO: roshani isiyo na nguzo

Kwa mtu wa kazi za ujenzi, au mwenye mtoto anayeuliza nyumba husimamaje, Fallingwater, mfano wa nyumba ya Marekani, ndiyo seti ya LEGO (vipande vya plastiki vya kuunganisha) ningemwambia aitafute kabla ya nyingine. Namba yake ni 21005, ina vipande 811, na ilitoka mwaka 2009 katika mfululizo wa Architecture, yaani wa majengo. Aliyeibuni ni Adam Reed Tucker, msanifu majengo wa Chicago.

Nyumba yenyewe aliisanifu msanifu majengo wa Marekani, Frank Lloyd Wright, mwaka 1935 kwa ajili ya familia ya Kaufmann, wenye duka kubwa mjini Pittsburgh. Kaufmann alitazamia nyumba ya kuyatazama maporomoko ya kijito cha Bear Run. Wright akaiweka juu yake! Roshani za zege zimetokeza hewani, chini hakuna nguzo.

Mimi nasimamia ujenzi, slabu ndiyo mkate wangu, kwa hiyo utamu wote niliuona kwenye roshani hizo. Kipande bapa cha LEGO kina unene wa milimita 3.2, vitatu vikipandana vinalingana na tofali moja la milimita 9.6. Unavipishanisha, kila kimoja kikikamata viwili vya chini yake, na mkia wa roshani unaingia ndani na kugandamizwa na kuta. Nilijenga na binti wa kaka yangu. Akauliza, "Shangazi, mbona haidondoki?" Nikamwambia aondoe vipande vya nyuma, taratibu. Roshani ikainama mbele yake, na hakuhitaji maelezo zaidi. Nimewahi kumaliza asubuhi nzima nikieleza jambo hilohilo kwa vijana wa saiti.

Hapo ndipo nilipomsimulia kwamba hata roshani za kweli zililegea kadiri miaka ilivyokwenda, mpaka mwaka 2002 zikaimarishwa kwa nyaya za chuma zilizokazwa. Zege peke yake ni dhaifu ikivutwa. Nondo ndizo zinazobeba kazi hiyo.

Rangi zimechaguliwa vizuri: ya mchanga kwa zege, kijivu kwa kuta za mawe. Kurasa za mwanzo za kitabu cha maelekezo zinaeleza historia ya nyumba, usiziruke. Mtoto anayetaka vitanda na vidoli vya watu atafutiwe seti nyingine, maana kipimo cha hii ni kidogo mno.

Haitengenezwi tena, utaipata kwa watu. Mwombe muuzaji avitandaze vipande vyote akupigie picha, na uangalie hasa vile vinavyopitisha mwanga, vya maji, kwa sababu mikwaruzo huonekana haraka. Kitabu kikikosekana usiache kununua. Maelekezo yapo bure kwenye tovuti ya LEGO. Ukishaijenga, iweke mbali na dirisha lenye jua kali, rangi zisififie.