Digrii ya ukutubi ukiwa kazini: uzoefu wangu wa mwaka wa kwanza, Dar es Salaam

Nimemaliza mwaka wa kwanza wa shahada ya ukutubi, yaani fani ya kuendesha maktaba, darasa la jioni, huku nikiendelea na ajira yangu ya kutwa katika masijala ya kampuni moja Kurasini. Watu wananiuliza kama inawezekana na kama ina faida. Inawezekana. Na kwa mtu ambaye tayari anashika mafaili, vitabu au kumbukumbu za ofisi, naipa nyota nne kati ya tano. Nyota moja imeondoka kwa sababu ambazo nitazieleza, kubwa ikiwa ni fildi, yaani mafunzo kwa vitendo nje ya chuo, jambo ambalo sikulikuta kwenye tangazo lolote la udahili nililosoma na ambalo ndilo linaloamua kama mfanyakazi atafika mwisho.

Jina la chuo naliacha, maana mengi ninayoyasema yanahusu fani yenyewe na maisha ya mtu anayesoma akitokea kazini.

Kabla ya kujisajili nilipima njia nyingine mbili. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 na chenye makao makuu Kinondoni, kinafundisha kwa masafa. Kwa anayefanya kazi za zamu, nesi au mlinzi, ningemshauri aanzie huko. Bagamoyo kuna chuo cha ukutubi na nyaraka kilicho chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba, kinachotoa cheti na stashahada. Mimi nilichagua darasa la jioni kwa sababu najijua: nisipokaa na wenzangu, sisomi. Baadaye niligundua kuwa wenzetu waliopitia Bagamoyo ndio walimu wetu wa pili darasani. Wameshaorodhesha vitabu kwa mikono yao, na swali ambalo sisi tunalizunguka nusu saa wao wanalijibu wakiwa wanafungua begi. Ukipata nafasi ya kukaa kikundi kimoja nao, kaa.

Vipindi vinaanza saa 11 jioni na kwisha saa 2 usiku. Mimi natoka kazini saa 10 na nusu, wakati ambao malori ya makontena yamejipanga Barabara ya Mandela na daladala haziendi popote. Bila ruhusa ya kutoka mapema kidogo siku za vipindi, ningekuwa nakosa nusu saa ya kwanza kila mara. Mkuu wangu wa masijala, mama mtu mzima aliyeishi na mafaili maisha yake yote, aliniambia siku nilipomweleza: "Mwanangu, ratiba ikitoka tu niletee, nisije nikakupangia kazi ya jioni." Nenda ukaongee na mkubwa wako kabla hujalipa ada. Bumu la Bodi ya Mikopo mimi sina, ada nalipa kwa awamu kutoka kwenye mshahara, na juu yake kuna nauli, bando na kuchapisha kazi stesheneri.

Sasa masomo yenyewe. Ndugu na majirani wanadhani tunafundishwa kupanga vitabu kwenye shelfu. Natamani wangekaa kipindi kimoja tu cha uainishaji, yaani kukipa kila kitabu namba kulingana na mada yake. Mfumo tunaoanza nao ni wa Dewey, uliotoka Marekani mwaka 1876, ambao unagawa maarifa yote katika makundi kumi, kuanzia 000 hadi 900. Ukiusoma kwa juu unaonekana rahisi. Ukipewa rundo la vitabu vya hapa nyumbani uvipe namba, ndipo unapoona ulivyojengwa. Katika kundi la dini, 200, Biblia na Ukristo vimechukua kuanzia 220 hadi 280 na zaidi. Uislamu wote umewekwa 297. Dini za jadi za Afrika zimebanwa ndani ya 299.6. Fikiria maktaba ya msikiti hapa Kariakoo: karibu kila kitabu kitaangukia 297, na mkutubi itabidi arefushe namba baada ya nukta ili fiqhi isichanganyike na tafsiri ya Qurani. Fasihi ya Kiingereza ina 820, namba fupi inayokaa vizuri mgongoni mwa kitabu. Fasihi ya Kiswahili ni 896.392. Lugha yenyewe ya Kiswahili, 496.392.

Mjadala wa siku hiyo ulikuwa mkali na mwalimu alituacha tujadiliane hadi saa ya kipindi ikapita. Dada mmoja anayefanya kazi maktaba ya shule Temeke alisema kwao riwaya za Kiswahili wameziondoa kabisa kwenye namba, wamezipa shelfu yake karibu na mlango, maana ndizo watoto wanazozitafuta. Wengine walimpinga kwamba akiondoka yeye, anayekuja atapotea. Mimi niko upande wake, alimradi utaratibu huo uandikwe na kubandikwa ukutani. Ranganathan, mkutubi wa India aliyetoa kanuni zake tano mwaka 1931, alisisitiza kuokoa muda wa msomaji, na mtoto wa darasa la tano hana muda wa kutafuta 896.392.

Faida iliyonishangaza zaidi ilikuja kazini, si chuoni. Tulipofundishwa vichwa vya mada, yaani kuchagua neno moja rasmi kwa jambo moja na kumwelekeza msomaji kutoka kwenye maneno mengine, niliiona masijala yetu kwa macho mapya. Tulikuwa na faili la "Magari", jingine "Usafiri" na jingine "Matengenezo ya Vyombo vya Moto". Barua ya bima ya gari moja ingeweza kulala katika lolote kati ya hayo matatu, kulingana na aliyeipokea siku hiyo. Nilikaa na mama wa masijala tukatengeneza orodha: neno tulilolichagua, na chini yake "tazama" na "tazama pia" kwa yale mengine. Kazi hiyo ilichukua majuma. Lakini sasa mhasibu akiuliza barua ya bima anaipata akiwa bado amesimama kaunta. Hapo ndipo nilipojua hela yangu ya ada haijapotea.

Mahali pa kusomea Jumamosi napapendekeza kwa moyo wote: Maktaba Kuu ya Taifa, Mtaa wa Bibi Titi Mohamed, iliyofunguliwa na Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967. Kuna utulivu ambao nyumba ya kupanga yenye redio tatu haiwezi kukupa. Na kwa mwanafunzi wa fani hii, jengo lenyewe ni somo, kwa kuwa Bodi ya Huduma za Maktaba, ileile yenye chuo cha Bagamoyo, ndiyo inayowapa wachapishaji wetu ISBN, yaani namba za kukitambulisha kila kitabu. Geuza kitabu kilichochapishwa nchini, na mara nyingi baada ya 978 utakuta 9976 au 9987. Hiyo ni Tanzania.

Sasa nyota iliyopungua. Kompyuta za mazoezi chuoni kwetu hazitoshi. Koha, programu huria ya kuendesha maktaba iliyoanzia New Zealand na inayotumiwa na maktaba kadhaa za vyuo vikuu nchini, tulifundishwa muda mrefu kwa picha za ukutani kabla ya mkono wowote kugusa kibodi. Hilo ni kosa kubwa kwa somo la aina hii. Vilevile vipindi huahirishwa kwa ujumbe wa WhatsApp watu wakiwa tayari njiani. Anayeishi hosteli anarudi chumbani kulala. Sisi tumeshaomba ruhusa kazini na nauli imeshaliwa.

Na fildi. Kwetu ni wiki nane mfululizo, saa za kazi, mwisho wa mwaka. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi likizo ya mwaka ya siku 28. Hesabu hiyo haifiki. Wenzetu wawili wazuri darasani waliishia hapo: si kwamba walipata sapu (mtihani wa marudio) au walidisko (kuondolewa chuo kwa kufeli), ila mwajiri alikataa kuwaachia wiki zote hizo, nao wakachagua mshahara. Siwalaumu hata kidogo. Mimi niliomba nusu ya fildi niifanyie kwenye masijala yangu mwenyewe kama usimamizi wa kumbukumbu, nusu iliyobaki maktabani wakati wa likizo yangu. Mratibu alikubali, lakini baada ya barua mbili kutoka ofisini kwetu, na ameshaniambia kuwa mwaka wa pili fildi yote lazima iwe maktaba.

Kwa hiyo unapokwenda kuchukua fomu, mwulize mratibu wa fildi maswali haya matatu, na majibu uyapate kwa maandishi: fildi ni wiki ngapi kila mwaka, inaweza kugawanywa, na sehemu yako ya kazi itakubaliwa. Kisha barua hiyo mpelekee mwajiri wako kabla hujaomba namba ya kulipia ada.