Kitunguu saumu na mtama: kinga ya akiba na kinga ya dharura

Nusa punje nzima ya kitunguu saumu: harufu ni hafifu. Iponde, pua inawaka papo hapo. Ndani yake aliini, kemikali isiyo na harufu, hukaa mbali na kimeng'enya (protini inayoharakisha mabadiliko ya kemikali) cha aliinesi. Seli zikipasuka vinakutana, na kwa sekunde chache tu inapatikana alisini, inayoua bakteria na kuvu. Kwa kasi, kinga ya mtama dhidi ya kuvu haifui dafu hapa. Ila chemsha punje nzima dakika 10 ndipo uiponde: ukali umekwisha, maana joto limeharibu kimeng'enya. Kwa hiyo anayechemsha kwanza ili apate dawa ya kunyunyizia amepoteza kitu chenyewe. Ponda mbichi, subiri dakika 10, chuja, tumia siku hiyohiyo, alisini haidumu.

Kinga hiyo mtama hauiwekei akiba. Kuvu ya chule, ugonjwa wa madoa ya majani, ikianza kupenya jani, seli iliyovamiwa ndiyo inayotengeneza apijeninidini na luteolinidini, kemikali za rangi zinazodhuru kuvu. Kwenye hadubini huonekana vifuko vidogo visivyo na rangi; hugeuka rangi ya chungwa, kisha vyekundu, husogea pale kuvu inapoingilia na kupasuka. Seli hufa, na kuvu hukwama humo. Gharama hulipwa vita vinapokuja tu, jambo zuri, lakini huchukua saa nyingi.

Shambani, usiogope vinukta vyekundu visivyopanuka: mmea umewahi. Doa likitanuka na kuota vijidoa vyeusi katikati, umechelewa. Usichague mbegu kwenye shina hilo.